Shati Lililofika Bila Mwenyewe

King'ora cha gari la zimamoto kililia, na watu wa Bonriki, penye uwanja wa ndege wa kisiwa cha Tarawa, wakaanza kuipisha ndege kama kawaida yao, yaani bila haraka. Watoto waliokuwa wakicheza mpira katikati ya njia ya ndege waliokota ndala zao. Bibi mmoja aliyekuwa akitoka kwenye mashimo wanamopanda magimbi na kapu kichwani alisimama, akalitazama lile gari jekundu likimjia, akalisonya, ndipo akavuka. Ndege ya kutoka Nadi ilikuwa imeshaonekana juu ya maji.

Aritita alikuwa ameshika uzio kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulibeba taji la maua alilolisuka tangu alfajiri, akalifumua, akalisuka tena.

"Pumua, mwanangu," alisema shangazi yake, Meere. "Ukizimia hapa hilo taji tutamvisha nani?"

"Napumua, shangazi."

"Unapumua kama samaki aliyetupwa mchangani. Hebu nitazame. Huyo ni Kaitara tu, si malaika. Anakoroma kama wengine."

"Umejuaje anakoroma?"

"Wanaume wote wa Kiritimati wanakoroma. Kule kuna nini kingine cha kufanya?"

Aritita akacheka bila kutaka. Kisha akageuka kumtazama baba yake, na kicheko kikamkatika.

Mzee Ioteba alikuwa amekaa kwenye kivuli cha banda la abiria, juu ya mkeka wa mkadi aliokuja nao kutoka nyumbani kwa sababu hakuviamini viti vya serikali. Yeye hakuja kupokea mgeni. Alikuja kuhakikisha kwa macho yake. Alipopelekewa habari ya posa alitoa neno moja tu, na neno hilo hakulibadilisha hata mkewe alipolia: "Aje mwenyewe. Asitume barua, asitume wajomba, asipige simu. Mwanamume asiyeweza kuyavuka maji kuja kumchukua mke, siku mke akiugua hataweza kuyavuka kunirudishia." Kaitara asiposhuka katika ndege ya leo, basi. Ndoa hakuna.

Na kusema kweli, mzee wa watu alikuwa na hoja. Kiritimati ni kisiwa cha nchi hii hii, bendera hii hii, lugha hii hii, lakini msimu huo hapakuwa na ndege ya kwenda moja kwa moja. Mtu wa Kiritimati akitaka kuja Tarawa hukaa angani saa tano mpaka Nadi, kwa watu wa Fiji, apige hodi na pasi ya kusafiria mkononi kama mgeni, alale hapo siku mbili tatu akingoja, kisha apande ndege nyingine saa tatu nzima arudi tena katika nchi yake mwenyewe. Na ndege ya kwenda kwao huondoka mara moja tu kwa wiki. Usiku ule wa kujadili posa Mzee Ioteba alimwambia binti yake, "Ukiugua kule Jumatano jioni, ndege ikiwa imeshaondoka, utaingoja ya Jumatano nyingine, kama huna haraka ya kufa. Fimbo ya mbali haiui nyoka, Aritita."

Lakini mapenzi yaliuliza umbali lini? Kaitara alikuwa zimamoto wa uwanja wa ndege huko kwao, mahali ambapo kazi yenyewe ni siku moja kwa wiki na siku zilizobaki ni kuliosha gari. Alipoletwa Bonriki kwa mafunzo, siku yake ya kwanza kulishika gari na kuwafukuza watu njiani, alimkuta msichana amesimama katikati na furushi la vitambaa, ameinama, anahangaika na ndala. Akapiga king'ora. Msichana hakuinua hata kichwa. Akateremka.

"Dada, ndege inakuja."

"Naisikia."

"Sasa?"

"Sasa ndala yangu imekatika. Iambie ndege isubiri."

Akampakia garini yeye na furushi lake, akamfikisha mpaka mlangoni kwao, na jioni alikaripiwa na mkubwa wake mbele ya wenzake. Alisema haikumuuma. Alipomaliza mafunzo, juu ya gari hilo hilo Aritita alimpa neno kwamba ataolewa naye. Kaitara aliporudi kwao, Aritita alipachika juu ya cherehani yake saa ya ukutani yenye majira ya Kiritimati, saa mbili mbele ya Tarawa, ili kila akishona ajue yeye kule anafanya nini. Jumapili moja mama yake aliisoma ile saa kwa kujisahau, familia nzima ikafika kanisani imevaa nyeupe, ikakuta milango imefungwa na mbwa amelala kizingitini. Mzee Ioteba hakulisahau hilo.

Ndege ilitua. Mlango ukafunguka, na watu wakaanza kushuka, wengi maana kulikuwa na mkutano mkubwa wa kanisa wiki ile. Aritita hakutafuta uso. Alitafuta shati. Alilishona mwenyewe, la manjano, na mgongoni akaweka ndege mweusi wa baharini amekunjua mbawa zote mbili. Kitambaa kile shangazi Meere alikinunua Nadi, na Tarawa nzima hakikuwapo kingine. Kaitara alikuwa ameahidi kwenye simu: "Nitashuka nalo. Hata nikisinzia, shati utaliona."

Akaliona.

Mlinzi wa geti alikuwa mtoto wa mama yake mdogo, naye alifungua bila kuambiwa. Aritita alikimbia, ndala moja ikabaki nyuma. Mwenye shati alikuwa ameinama akihangaika na mfuko wake, na kabla hajainuka taji lilikuwa limeshamkaa kichwani na mikono ya msichana iko shingoni.

Mtu akainuka. Hakuwa Kaitara.

Aritita alirudi nyuma hatua moja, akalitazama shati. Mshono ulikuwa wake, hata ile kona ya kola alipokosea akafumua. Akautazama uso: mwanamume mwembamba, macho mekundu ya kukosa usingizi, hajawahi kumwona. Akalitazama shati tena. Akili yake ilikuwa kama uzi uliojisokota, kila alipovuta ncha moja fundo lilizidi kukaza.

"Wewe ni nani?"

"Batiri," alisema yule mtu kwa woga. "Na wewe bila shaka ni shemeji."

"Kaitara yuko wapi?"

"Nadi."

"Amekufa?"

"Hapana! Mzima kabisa. Nimemwacha amekaa kwenye benchi anakunywa chai."

"Anakunywa chai," Aritita alirudia, kana kwamba neno hilo lilikuwa la lugha nyingine.

Shangazi Meere alikuwa ameshafika, anahema, ameshika ndala ya mpwa wake. Nyuma yake Mzee Ioteba alikuwa ameinuka kwenye mkeka. Watu wa uzioni nao wakasogea, maana Bonriki hakuna jambo la mtu mmoja.

"Huyu ndiye?" aliuliza mzee. "Mbona amekonda hivi?"

"Siye, kaka," alisema Meere. "Hili ni shati lake tu."

"Shati limekuja bila mwenyewe?"

"Ndivyo inavyoonekana."

Batiri aliwaeleza pale pale, jasho likimtoka chini ya taji ambalo hakuthubutu kulivua. Yeye ni baharia, mama yake na mama wa Kaitara ni ndugu. Meli yake iko bandarini Fiji. Juzi aliletewa habari kwamba mama yake, ambaye yuko hapa Tarawa, amelazwa na mguu utakatwa kwa ajili ya sukari, na kila akifumbua macho anamwita yeye. Akakimbia mpaka uwanja wa Nadi, akaambiwa ndege imejaa hadi nafasi ya mwisho. Alikuwa anaondoka kwenye dirisha la tiketi analia, mtu mzima, ndipo akamwona Kaitara kwenye foleni.

"Nikamwomba kiti," alisema. "Kwa bubuti."

Hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Jamaa akikuomba kwa bubuti, umeshatoa. Iwe radio, iwe nguruwe, iwe nyavu ulizonunua jana. Kukataa ni kujivua nguo mbele ya ukoo, na aibu yake hurithiwa na watoto.

"Na shati?" aliuliza Aritita.

"Langu lilikuwa limejaa grisi ya meli. Niliona haya mama anione vile. Nikaliomba na shati."

"Na hizo ndala?"

Batiri alitazama miguu yake. "Na ndala."

"Mungu wangu," alisema shangazi Meere. "Basi hapo alipo anakunywa chai pekupeku."

Watu wakacheka. Mzee Ioteba hakucheka. "Kwa nini hakupiga simu?"

"Alipiga, mzee. Mara tatu. Akapokea msichana mmoja akasema yeye si Aritita, lakini simu ni yake tangu jana."

Macho yote yakamgeukia Aritita, naye akahisi uso unawaka. Ilikuwa kweli. Jana jioni binamu yake Tiribo alikuja akaisifia ile simu, kisha akaiomba, naye akaitoa, na moyoni alijisemea kwamba kesho Kaitara yuko hapa, simu ya nini.

"Basi imekwisha," alisema Mzee Ioteba, akainama kuukunja mkeka wake. "Nilisema aje mwenyewe. Hakuja."

"Imekwisha vipi?" Meere aliruka. "Wewe ungefanya nini? Pikipiki yako iko kwa nani tangu mwaka juzi, ile uliyosema utaitumia uzeeni? Ungemwacha mtoto wa dada ya mama yako akose kumwona mama yake?"

"Sijasema amekosa. Nimesema hakuja."

"Kutoa ni moyo, kaka!"

"Moyo wake mzuri. Nimeuona. Ameuvalisha mtu mwingine."

Neno hilo lilimchoma Aritita pale pale alipokuwa anaogopa. Hakuwa na hasira na Batiri, angewezaje? Hakuwa na hasira na Kaitara pia, na hilo ndilo lililomchanganya. Alifanya jambo jema, jambo ambalo yeye mwenyewe angemlaumu kama asingelifanya. Mbona basi anataka kulia? Mtu aliyempenda kwa ajili ya mkono wake mwepesi wa kutoa, leo amemtoa na yeye kwa mkono huo huo, pamoja na ndala. Kesho je? Akija jamaa mwingine na macho mekundu, kitatoka nini? Alimpenda. Hakumwelewa. Alitamani angalau moja ya hayo mawili lisiwe kweli.

"Shangazi, nipe simu yako."

Simu ya Meere ilikuwa imeharibika spika ya sikioni, ilisikika kwa sauti kubwa tu, ya kila mtu. Aritita hakujali. Ililia mara moja ikapokelewa.

"Aritita?"

Aritita aliishika simu kwa mikono miwili. Akajikaza.

"Taji nimemvisha binamu yako."

"Nisamehe."

"Wote hapa wameshakusamehe. Wanakusifu. Shangazi anataka kukujengea sanamu."

"Wewe je?"

"Mimi sijui." Aritita aliwapa watu mgongo. "Kaitara, utakuja na ndege ijayo?"

"Ya kuja huko ni Alhamisi. Ya Kiritimati ni keshokutwa, na saa moja iliyopita wamenipigia kwamba likizo imekatwa, nirudi nayo. Kule tumebaki watatu. Gari lisipokuwa na watu wa kutosha, ndege haitui. Kuna wagonjwa wanaongoja ndege hiyo, Aritita."

"Kwa hiyo huji."

"Siwezi kuja."

"Saa tano umezivuka. Zilikuwa zimebaki tatu tu, Kaitara. Saa tatu! Mimi nikishona suruali moja zinakwisha. Ukampa mtu."

"Mama yake alikuwa anamwita."

"Najua!" Alipiga kelele mpaka watoto wenye mpira wakageuka. "Najua alikuwa anamwita. Ndicho kinachoniua. Ungekuwa mtu mbaya ningekulaani nikalala usingizi. Wewe mtu mwema, na mimi nimesimama hapa sina ndala, sina simu, sina mume, na sina wa kumkasirikia!"

"Nikasirikie mimi."

"Siwezi!"

Bibi wa magimbi, aliyekuwa ameshatua kapu lake ili asikilize vizuri, alimnong'oneza jirani yake, "Mtoto atapasuka huyu." Mzee Ioteba alikuwa amesimama na mkeka kwapani, hajaondoka, wala hatazami simu.

Aritita alifumba macho. Wazo lilimjia ghafla na hakulipima. Baadaye, alipoulizwa kwa nini alisema vile, hakuweza kueleza. Sehemu yake moja ilitaka liwe, sehemu nyingine ilikuwa inaomba Mungu lisiwe.

"Kaitara. Na mimi nina ombi."

"Sema."

"Naomba kwa bubuti."

Watu wa uzioni wakasogea zaidi. Shangazi Meere aliweka mkono mdomoni.

"Nirudishie neno langu," alisema Aritita. "Lile nililokupa juu ya gari la zimamoto. Nakuomba uniachilie, kila mtu akae kwao. Unatoa kila kitu unachoombwa. Toa na hilo."

Simuni ilisikika sauti ya uwanja wa Nadi, mtu akitangaza safari ya mbali, mtoto analia. Ilisikika muda mrefu. Atasema chukua, aliwaza Aritita. Hajui kusema jingine. Atasema chukua, na nitakuwa nimejiua kwa mkono wangu.

"Hapana," alisema Kaitara.

"Umesema nini?"

"Nimesema hapana. Hilo sitoi."

"Ni bubuti, Kaitara."

"Nimesikia ni bubuti." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Omba mshahara. Omba nyumba. Omba hilo gari la serikali, nitaliiba. Neno lako halitoki mkononi mwangu. Kawaambie wote niliombwa nikakataa. Niaibike Tarawa nzima na Kiritimati nzima, watoto wangu waitwe watoto wa mchoyo. Ila watakuwa wako pia, kwa hiyo mtaaibika wote."

"Amekataa?" aliuliza bibi wa magimbi kwa sauti.

"Amekataa," alisema Meere, na machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Huyo aliyetoa ndala?"

"Huyo huyo."

Aritita hakujua alie au acheke, basi vikamtoka vyote pamoja, na simu ikachukuliwa mkononi mwake. Aliyeichukua alikuwa baba yake.

"Kijana."

"Naam, mzee." Ilisikika wazi kwamba kule upande wa pili mtu amesimama kutoka kwenye benchi.

"Nani amekufundisha kukataa?"

"Hakuna, mzee. Ni mara yangu ya kwanza."

"Unajisikiaje?"

"Tumbo linauma, mzee."

Tabasamu fupi lilipita usoni mwa Mzee Ioteba, na wanaomjua waliliona. "Kaa hapo hapo," alisema, "usimpe mtu hilo benchi." Akamrudishia dada yake simu. Kisha akamgeukia Batiri, ambaye gari la wajomba wa kumpeleka hospitali lilikuwa ndiyo kwanza linaegeshwa.

"Baharia."

"Naam, mzee."

"Mama yako tutakuja kumwona jioni, na chakula. Nguruwe wa harusi ameshachinjwa, hawezi kuamka. Lakini kwanza nakuomba. Kwa bubuti. Naomba hilo shati."

Batiri alitazama huku na huku kutafuta msaada, hakuuona. Akalivua. Mzee naye akavua lake la kanisani, jeupe, lililopigwa pasi na mkewe, akampa avae. "Nenda kwa mama yako. Taji baki nalo, atafurahi."

Lile la manjano alilikunja polepole. Alilikunja, akaona halikukaa sawa, akalikunjua, akalikunja tena. Alikuwa kifua wazi mbele ya watu, mbavu zake zinaonekana, na Aritita kwa mara ya kwanza aliona kwamba baba yake amezeeka.

"Saa tano zake amezimaliza," alisema bila kumtazama. "Hizo tatu ni zetu. Mpelekee mwenyewe."

"Baba?"

"Hiyo ndege inarudi Nadi leo leo, na watu wamekuja kwenye mkutano, itarudi nusu tupu. Pasi yako ulishachukua. Shangazi yako ana pasi na miguu inayomwasha siku zote, atakusindikiza. Yuko mchungaji wa kwetu pale Nadi, atawafungisha ndoa. Meere, usimwache peke yake hata kwenda kunawa mpaka mchungaji afunge kitabu."

"Nitalala mlangoni," alisema Meere.

"Lakini baba, ulisema fimbo ya mbali..."

"Nakumbuka nilichosema. Na sijakibadilisha, kule ni mbali. Ni mbali, Aritita." Akakohoa. "Lakini nilidhani nakupeleka kwa mtu atakayekutoa siku yoyote akiombwa. Sasa nimesikia kwa masikio yangu. Kimbia. Pasi iko nyumbani, na mama yako yuko jikoni anapika chakula cha harusi."

"Nitamwambia nini mama?"

"Kwani mimi najua? Nimeoa miaka thelathini, bado namwogopa. Mwambie mwenyewe."

Alitaka kumkumbatia, lakini baba yake alishageuka, anautandika upya mkeka pale pale kivulini, kama mtu atakayekaa sana. Aritita alilibana shati kifuani akakimbia. Njia ya mkato kwenda kwao ilikuwa moja tu, ile ile, kuvuka njia ya ndege. Lami ilimchoma mguu usio na ndala. Hakujua anamkimbilia nani wala anamkimbia nani. Mbele yake alikuwa mama yake, ambaye huenda asimwone tena mpaka Mungu apende, nyuma yake baba kifua wazi, na mkononi shati lilikuwa na harufu ya wanaume wawili, mmoja hamjui.

Watoto walikuwa wamesharudi na mpira wao. Gari la zimamoto likatokea mwisho wa njia, king'ora kinalia, na vijana juu yake wakipunga mikono.

"Dada, toka njiani! Ndege itaondoka!"

"Iambieni isubiri!" alipaza sauti, na hakugeuka.